Mwindaji Asiyeonekana Kwenye Kadi

Chukua kadi mbili za salamu zenye tai wa dhahabu wa mchoraji John James Audubon, uziweke ubavu kwa ubavu. Tai ni yuleyule, na sungura mweupe aliyenaswa kwenye kucha ni yuleyule. Sasa tazama pembe ya chini, kushoto. Kwenye kadi iliyonakiliwa kutoka mchoro wenyewe wa rangi za maji, wa mwaka 1833, kuna kijitu mfano wa siafu kinachotambaa juu ya gogo lililovuka genge, bunduki na ndege mfu vikiwa mgongoni. Kwenye kadi iliyotokana na chapa ya London, kijitu hakipo.

Wengi huamini ni Audubon mwenyewe. Tai yule alimnunua Boston akiwa hai. Alitaka kumuua bila kumharibu manyoya, basi akamfungia chumbani pamoja na moshi wa makaa. Tai akamkodolea macho tu. Akaongeza salfa, wapi! Mwishowe akamdunga moyoni kwa chuma chenye ncha, kisha akakaa naye karibu wiki mbili akichora.

Sanaa hii ya kuchora ndege imezoea kuacha watu nje. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mjerumani Albrecht Dürer alichora bawa la kambu, ndege wa buluu ambaye baridi ya Ulaya ikianza hukimbilia huku kwetu Afrika Mashariki na kutua kwenye nyaya za umeme. Aliyelikata bawa lile hatajwi. Mwaka 1612 bata mzinga alifikishwa kutoka Goa kwa mfalme Jahangir wa India, naye Mansur, mchoraji wa ikulu, akamchora kila unyoya. Huyo angalau jina lake limebaki. Kule Calcutta, kuanzia 1777, Mary Impey, mke wa jaji wa Kiingereza, aliwaajiri wachoraji watatu kutoka Patna: Shaikh Zain ud-Din, Bhawani Das na Ram Das. Walichora zaidi ya picha 300, na mpaka leo mkusanyo unaitwa wa Impey.

Audubon, aliyewahi kumiliki na kuuza watumwa, naye alikuwa na wasaidizi wake. Joseph Mason, kijana wa miaka 13 walipoondoka pamoja mwaka 1820, alimchorea maua na majani mengi ambayo ndege wamesimama juu yake. Chapa hazikumtaja. Zilitoka kati ya 1827 na 1838, 435 kwa jumla, karibu zote zikichongwa kwenye mabamba ya shaba katika kiwanda cha Robert Havell huko London, kisha mafundi wakazipaka rangi kwa mkono. Karatasi ilikaribia urefu wa mita moja, maana Audubon alitaka kila ndege awe na kimo chake halisi. Heroe ilibidi ainamishwe shingo ndipo atoshe. Leo anaenea kiganjani.

Kadi nayo ilizaliwa na posta. Mwaka 1840 Uingereza ilishusha gharama ya barua hadi peni moja, na mwaka 1843 Henry Cole, aliyezidiwa na barua za Krismasi, akachapisha kadi ya kwanza ya Krismasi. Ndege walikuja baadaye. Matarishi wa siku zile walivaa makoti mekundu, watu wakawaita kwa jina la ndege mdogo mwenye kidari chekundu. Wachoraji wakampa ndege huyo barua mdomoni. Marekani, katika miaka ya 1870, Louis Prang wa Boston alichapa kadi kwa mawe, kila rangi na jiwe lake.

Kadi ninayoipenda kuliko zote ina kasuku saba wa Carolina, kijani na manjano, juu ya mmea wenye matunda ya miiba. Audubon aliandika kwamba kwa risasi chache alijaza kapu zima, ili apate wa kuchagua. Ilikuwa rahisi: mmoja akianguka, wenzake humrudia. Wa mwisho aliyejulikana alifia bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1918. Mimi kadi hiyo niliipokea siku yangu ya kuzaliwa. Ndani kulikuwa na salamu za heri na maisha marefu. Nyuma, jina la ndege, jina la Audubon na bei.