Udongo Uliotengenezwa: Sanaa na Ardhi ya Bukoba na Muleba

Mgeni anayeingia Bukoba kwa njia ya Ziwa Viktoria huona mji mdogo uliobanwa kati ya maji na kuta za miamba, kisiwa cha Musira kikiwa mbele yake na Mto Kanoni ukipita katikati ya nyumba. Akiuliza cha kutazama, kwa kawaida hutajiwa mambo ya aina mbili. Kwanza ni maumbile: fukwe, visiwa, mapango, mbuga za nyasi juu ya uwanda wa Kamachumu kule Muleba, migomba isiyo na mwisho. Pili ni utamaduni: nyumba za msonge, ngoma, vikapu, kitambaa cha gome la mti, pombe ya ndizi. Mgawanyo huo umezoeleka kiasi kwamba hata wenyeji, yaani Wahaya, huurudia, nami nauona kuwa ndio unaotufanya tuisome vibaya historia ya nchi ya Wahaya. Kijani hicho ambacho mgeni hukisifu kama kazi ya Mungu peke yake ni kazi ya mikono pia, na sanaa tunazoziita za jadi zilikuwa matawi ya kazi hiyo moja ya kuitengeneza ardhi. Ndiyo maana zilistawi pale ardhi ilipozihitaji, na zikafa pale ardhi ilipopewa kazi nyingine.

Ushahidi wa kwanza uko chini ya miguu. Bukoba hupata mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya Tanzania, wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na mvua hiyo kwa maelfu ya miaka imekuwa ikiosha rutuba kutoka kwenye udongo uliotokana na miamba ya mchanga. Udongo wa asili, ukiachwa ulivyo, ni maskini. Huo ndio udongo wa rweya, nchi ya nyasi iliyo wazi, ambako zamani wanawake walifungua vishamba vya muda vya njugu mawe na kuvihama baada ya mavuno. Lakini ukivuka hatua chache kutoka rweya hadi kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, udongo unageuka kuwa mweusi, laini na mzito kwa mboji. Mwamba wa chini ni uleule na mvua ni ileile. Tofauti imeletwa na vizazi vya watu waliokata nyasi kwenye rweya, wakazibeba kichwani na kuzitandaza chini ya migomba, wakachanganya samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni, maganda na majani makavu. Kijiji cha Kihaya kinavyoonekana kwa mbali, kisiwa cha migomba katikati ya bahari ya nyasi, ni ramani ya jasho hilo. Tauni ya ng'ombe ilipopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, vibanja navyo viliumia, kwa sababu samadi ilitoweka pamoja na mifugo. Msitu wa kawaida haudhoofiki kwa kufa ng'ombe wa jirani.

Ushahidi wa pili ni wa zamani zaidi, nao uko Katuruka, karibu na Maruku, na katika maeneo ya Kemondo kando ya ziwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifanya kazi huko akianzia kwenye masimulizi ya wazee. Walimweleza habari za Rugomora Mahe, omukama (yaani mfalme) wa Kiamutwara wa karne ya 17, aliyetaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni, na wakamwonyesha mti mtakatifu wa Kaiija ambapo chuma hicho kilifuliwa. Alipochimba mahali hapo alipata mabaki ya ufuaji chuma ambao vipimo vya makaa viliurudisha nyuma kabla ya Kristo, pamoja na vyungu vya kale vya mtindo uitwao Urewe. Wapo wataalamu waliozitilia shaka tarehe za mbali kabisa, wakisema makaa yaweza kuwa yametoka kwenye mti uliokuwa mzee kabla haujakatwa. Hoja hiyo ni ya haki, lakini haigusi jambo ninalolitetea hapa. Hata tukipunguza karne kadhaa, bado tunabaki na watu waliokata miti mingi ya makaa katika ukanda huu wa ziwa kwa muda mrefu sana, na wanaakiolojia wanauhusisha ukataji huo na kupungua kwa misitu ya pwani ya magharibi ya ziwa. Kwa hiyo hata rweya, ile nchi ya nyasi inayoonekana kuwa tupu na ya asili kabisa, ina alama ya tanuri ndani yake.

Inafaa kulitazama tanuri lenyewe kwa karibu. Mwaka 1976 wazee waliowahi kufua chuma ujanani waliombwa walijenge tena tanuri ambalo halikuwa limewashwa kwa miongo kadhaa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978 na Schmidt pamoja na Donald Avery. Walichimba shimo na kulipaka udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo hustahimili moto kuliko mwingine. Ndani ya shimo walichoma matete ya bwawani hadi yakawa mkaa mwepesi uliojaa vinyweleo. Juu yake walijenga ukuta kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani na udongo uleule wa kichuguu, kisha wakaingiza mabomba ya udongo yaliyofika ndani kabisa ya tanuri, kila bomba na mvukuto wake. Kwa kuwa mabomba yalipita katikati ya moto, watafiti hao walisema hewa ilikwishapata joto kabla haijafika kwenye makaa, ndiyo maana moto ulikuwa mkali kupita matarajio. Jambo hilo nalo limebishaniwa na wataalamu wa madini. Ninalolitazama mimi ni orodha ya vifaa: kichuguu kutoka rweya, matete kutoka bwawani, makaa kutoka msituni. Fundi wa chuma alikuwa na haja ya kila sehemu ya nchi yake. Asingeweza kuwa fundi bila kuijua ardhi yote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa msonge pia. Nyumba ile ya duara, iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, ilihitaji miti myembamba ya kupinda, kamba za maganda ya mgomba na mizigo mingi ya nyasi za rweya, na nyasi laini zilitandazwa sakafuni mahali pa kukalia. Ndivyo ilivyokuwa kwa lubugo, kitambaa cha gome. Fundi alichuna gome la mtoma kwa mzunguko mmoja, akalilainisha, kisha akalitwanga juu ya gogo kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi likapanuka mara kadhaa na kuwa shuka la rangi ya kutu. Shina lililochunwa lilifungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, nalo likaotesha gome jipya. Mtoma ulisimama kibanjani, na mgomba wa jirani ndio uliouponya.

Vitu hivi viliuawa na nini? Jibu linalotolewa haraka ni wamisionari. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, miaka miwili tu baada ya Emin Pasha kuweka kituo cha Wajerumani Bukoba, na Waprotestanti wakafuata. Ni kweli kwamba mahubiri yao yalishambulia mizimu na waganga, na msonge ulikuwa na mahali pa wahenga ndani yake. Kwa mahekalu na vifaa vya ibada shutuma hiyo inastahili. Lakini kwa ufundi wa kila siku, tarehe hazikubali. Msonge uliendelea kujengwa vijijini miongo mingi baada ya Kashozi, na Wakristo wengi walizaliwa na kubatizwa wakiwa wakazi wa nyumba hizo. Kilichokuja kati ya Kashozi na kifo cha msonge ni kahawa. Mibuni ilikuwepo tangu zamani, lakini wakama waliudhibiti upandaji wake, na buni ilitafunwa, haikunywewa. Marafiki wawili waliofunga udugu wa damu waligawana buni mbili za tunda moja. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zikaunganisha bandari za ziwa, buni hiyo ikapata njia ya kufika baharini. Wajerumani wakaondoa vizuizi vya wakama na kuhimiza kila kaya ipande. Chini ya Waingereza, Bukoba ikawa mojawapo ya nchi za kahawa zilizotajika Tanganyika, na mwaka 1937 wakulima walisimama kupinga kanuni za serikali za utunzaji wa mibuni kwa sababu waliona ardhi yao inaguswa. Fedha ya kahawa ndiyo iliyonunua shuka la pamba mahali pa lubugo, jembe la kiwandani mahali pa jembe la mhunzi, na bati mahali pa nyasi. Hakuna aliyelazimika kuidharau sanaa ya babu yake ili iishe. Ilitosha kwamba saa aliyoitumia kutwanga gome sasa ilikuwa na thamani zaidi akiitumia kuchuma kahawa.

Vilivyosalia vinathibitisha hoja kuliko vilivyokufa. Rubisi bado inatengenezwa, kwa sababu ndizi za pombe bado ziko kibanjani: zinaivishwa, zinakanyagwa pamoja na nyasi ndani ya hori la mbao hadi juisi itoke, kisha unaongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa na kuachwa uchachuke. Mwani, yaani buni zilizochemshwa na majani ya dawa na kukaushwa, bado hutolewa kwa mgeni na bado huuzwa mjini, ingawa kahawa ileile imekuwa bidhaa ya vyama vya ushirika tangu BNCU, chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, ilipoanzishwa mwaka 1950. Senene nao bado wanangojewa kila msimu. Zamani walikusanywa kwenye nyasi kwa mkono, na siku hizi hunaswa usiku kwa taa kali na mabati yanayowatelezesha kwenye mapipa. Kwa bahati ya ajabu, bati lililoiondoa nyasi darini limekuja kuitumikia desturi ya nyasini.

Enanga ndiyo inayonisumbua, na sitaki kuipita kimya. Ala hiyo ya ubao uliochongwa kama hori, yenye nyuzi zilizotandikwa kwenda na kurudi juu yake, haihitaji malighafi yoyote iliyokosekana. Hata hivyo magwiji wa kughani tendi za Mugasha, bwana wa ziwa, na za mashujaa wengine wamepungua sana, na tuna bahati kwamba mtafiti Mugyabuso Mulokozi alizikusanya na kuzichambua. Hapa lazima nikiri kwamba ardhi haielezi kila kitu. Mghani alihitaji ikulu ya omukama na wasikilizaji wenye usiku mrefu, na serikali ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963 mlinzi wake mkubwa aliondoka. Lakini hata ikulu si jibu kamili. Tazama lubugo: ng'ambo ya mpaka, Buganda, mtoma ni uleule na nyundo ni zilezile, na kitambaa cha gome kiliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika kikiwa hai. Ufalme wa huko nao ulifutwa mwaka 1967 na haukurudi hadi 1993. Kilichokishikilia kitambaa katikati ya pengo hilo ni mazishi: familia ziliendelea kukihitaji kwa kuwavika wafu wao. Haja ya watu wa kawaida iliishi zaidi kuliko kiti cha mfalme.

Kuna pingamizi zito zaidi, la kimaadili. Uzuri wa kibanja ulikuwa pia uzuri wa nyarubanja, mfumo ambao wakama na wapendwa wao walijitwalia mashamba na kuwageuza wenye mashamba kuwa wapangaji wa kudumu, hadi serikali huru ilipoukomesha katika miaka ya 1960. Na nyasi zilizotengeneza udongo mweusi zilibebwa zaidi na wanawake, ambao mara nyingi hawakurithi udongo huo. Yanayosemwa hapo ni kweli, na maandishi ya kuwavutia wageni yanayoyafuta yanatudhulumu sote. Lakini dhuluma hiyo inatuonyesha pia thamani ya kitu kilichogombaniwa. Hakuna anayepigania miaka mingi kipande cha rweya tupu. Waligombania udongo kwa sababu ulikuwa umetengenezwa, na ukiulizwa ulitengenezwa na nani, jibu linawarudisha wanawake wale kwenye historia kama mafundi, sawa na mhunzi na mwezekaji.

Kibanja hicho sasa kina adui mwingine. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa wilayani Muleba. Jani linanyauka likiwa bado kijani, ndizi zinaiva kabla ya wakati na nyama yake kuoza, na mgomba wenye ugonjwa lazima uondolewe shambani. Wakulima wamefundishwa kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kupitisha panga motoni kabla ya kuhama shina moja kwenda jingine, kwa kuwa chuma chenyewe hubeba ugonjwa. Aina za ndizi ambazo familia zilizitofautisha kwa vizazi, za kupika, za kuchoma na za pombe, ziko hatarini kwa pamoja. Ikipotea ndizi ya pombe, rubisi haina pa kutoka. Ukipotea mgomba, hakuna kamba ya kufungia wala jani la kulifunga shina la mtoma, na nyasi zinazoletwa kutoka rweya hazina tena kitu cha kulisha.