Ndege Zilizoanguka Rufiji na Makaburi ya Kinondoni

Mtu ashikaye njia ya Bagamoyo kutoka mjini Dar es Salaam, huona huko Kinondoni uwanja wa makaburi ya vita, yamepangwa safu kwa safu. Watoto wa shule hutuuliza, Hawa ni nani? Yatupasa kuwajibu kwa habari zilizo thabiti.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, manowari ya Wadachi, Königsberg, ilijificha katika vijito vya mto Rufiji. Mikoko ilikuwa minene, hata Waingereza waliokuwa baharini wasiweze kuiona. Ndipo ikaletwa eropleni. Dennis Cutler aliiona manowari ile mwezi wa Novemba. Walakini Desemba chombo chake kilishuka mtoni, akatekwa. Tarehe 11 Julai 1915, Cull na Arnold waliruka juu yake, wakiwaelekeza wapiga mizinga kwa simu ya upepo. Eropleni yao ikapigwa. Nao hata katika kuanguka hawakuacha kupeleka habari. Wakaangukia majini, wakaokolewa. Na siku ile ile manowari ikaangamia.

Lakini delta haikumrudisha kila mtu. Tarehe 6 Januari 1917, Edwin Moon na Kamanda Richard Bridgeman walikwenda kupeleleza huko kwa ndege ya kuelea majini. Injini ikaharibika, wakashuka katika kijito, wakaiangamiza ndege yao isiingie mikononi mwa adui. Siku tatu walitangatanga karibu bila chakula, wakiogelea kijito baada ya kijito, kwa maana kichaka cha ukingoni hakipenyeki. Wakafunga magogo yakawa chelezo. Maji yakawachukua kuelekea baharini. Bridgeman hakuwa hodari wa kuogelea, akafa kwa baridi na uchovu. Moon alijitahidi sana kumwokoa mwenzake, asiweze. Alipofika pwani alikuwa hoi. Mwenyeji mmoja akamwona, na hivyo akatekwa na Wadachi, hata akafunguliwa Novemba mwaka ule.

Angalieni, basi: ya rubani na kamanda twayajua, majina na tarehe. Yule mwenyeji wa pwani hana jina katika habari hizo. Wala si yeye peke yake. Mwaka 1968 makaburi 660 yalihamishwa yakaletwa hapa Kinondoni, ili kupisha barabara mpya mjini. Makaburi ya Waafrika hayakuwa yametiwa alama ya mtu mmoja mmoja. Basi mifupa yao ikazikwa pamoja, na ukuta ukajengwa uwe ukumbusho wao. Wachukuzi wa vita ile walibeba chakula na risasi vichwani, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la kundi lao, Carrier Corps, limebaki katika vinywa vyetu kila tuendapo sokoni Kariakoo. Walakini ni wangapi wanunuao huko wakumbukao asili yake?

Hatusemi haya ili tumpunguzie Bridgeman heshima. Mtu aliyekufa majini, mbali na mama yake, astahili kukumbukwa. Twasema ili heshima ile ile iwafikie wote. Enyi walimu, wapelekeni wanafunzi Kinondoni. Wasomeni majina yaliyoandikwa. Kisha wasimameni mbele ya ukuta wa wasioandikwa, mkanyamaze kidogo. Na mzee wa kwenu akiwa angali akumbuka jina la babu yake aliyechukuliwa upagazi asirudi, liandikeni leo, kwa kuwa mzee naye hupita.