Bwiza, Jina la Mtaa na la Binti

"Bwiza! Leta makaa!" Mama aliyekuwa akikaanga maandazi jijini Bujumbura, pale mtaa wa Buyenzi unapopakana na mtaa wa Bwiza, aliita bila kuinua macho kwenye karai. Akatokea binti mdogo, mikono myeusi hadi viwikoni. Mgeni niliyefuatana naye akashangaa: mtaa mzima unaitwaje kuleta makaa?

Kwa Kirundi, ubwiza ni uzuri. Ukidondosha irabu ya mwanzo umepata jina, la mtaa na la binti pia. Wajapani nao wana Izumi, yaani chemchemi: ni mji wa mkoa wa Osaka, ni jina la ukoo, na wasichana huitwa hivyo. Waswahili tulizoea kuidondosha B ya Kirundi, Burundi ikawa Urundi, na Bujumbura ikawa Usumbura hadi 1962. Bwiza hatukuigusa. Ila zamani mtaa huo ulijulikana zaidi kwa jina la Belge, yaani Mbelgiji kwa Kifaransa, kana kwamba waliojenga na kulala mle ni Wabelgiji.

Ndiyo maana nachoshwa na masimulizi ya historia ya Bujumbura yanayoanza na boma la Wajerumani la 1897, yakapita kwa Wabelgiji walioingia 1916, kisha yakaorodhesha watawala. Ugomvi uliotikisa Buyenzi katika miaka ya 1950 huwa haumo.

Serikali ya Kibelgiji iliwatoza kodi wanawake wa mjini wasio na waume. Daftarini waliandikwa kwa Kifaransa maneno ya ajabu: wanawake ambao "kinadharia" wanaishi peke yao. Neno hilo kinadharia ndilo lililobeba sumu. Mjane aliyemaliza eda na kubaki nyumbani kwake akahesabiwa kundi moja na malaya. Ndoa ya mitara nayo ilikuwa imepigwa marufuku kwa amri ya 1950, hivyo mke wa pili aliyeolewa kwa Sheria ya Kiislamu hakuwa mke machoni pa karani. Wanawake Waislamu wa Buyenzi wakagoma. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt amekiandika kisa hiki kwa kina, nami namshukuru. Anayekieleza kuwa ni ubishi wa pesa hakuwaelewa wale mama. Pesa hulipwa ikaisha. Jina baya humfuata mtu msibani, humfuata na binti yake siku ya posa. Walikuwa wakilinda heshima, na nasikitika kwamba sijaona mtaa uliopewa jina la hata mmoja wao.

Kisha uhuru, Julai 1962. Mwaka 1995 mauaji yaliikumba mitaa yote miwili, watu wakakimbia. Mwaka 2019 Gitega ikawa makao makuu ya kisiasa, na Bujumbura ikabakiwa na biashara.

Nilimuuliza mama wa maandazi kama analijua jina la Belge.

"Bibi yangu ndiye alikuwa akisema hivyo," akajibu, akichukua makaa mikononi mwa Bwiza. "Huyu hajawahi kulisikia."