Jicho, Sikio na Mkono: Historia ya Ukawiaji katika Michezo ya Muziki

"Kawia ufike" ni methali ya kumfariji msafiri. Mpiga ngoma haimfai kitu, kwa sababu pigo lililokawia halifiki. Likija hukuta nafasi yake imekwisha pita, na wachezaji wamekwisha inua mguu mwingine. Hukumu ya pigo, ambayo tangu kale ilitolewa na masikio ya watu, mwishoni mwa karne ya 20 ilikabidhiwa mashine. Mwezi wa Desemba 1996 ulitokea Japani mchezo wa video ulioitwa PaRappa the Rapper, kazi ya mwanamuziki Masaya Matsuura, ambao mchezaji wake hubonyeza vitufe kwa kufuata mapigo ya wimbo. Mwaka uliofuata kampuni ya Konami ilitoa Beatmania, na mwaka 1998 ikatoa Dance Dance Revolution, mchezo wa kukanyaga kwa miguu.

Katika michezo ya namna hii alama husafiri katika kioo kuelekea mahali maalumu, na zinapofika hapo mchezaji hana budi apige. Mashine hupima wakati uliopo baina ya pigo lake na pigo la wimbo, kisha humpa daraja. Kipimo chenyewe ni kikali. Katika StepMania, programu ya bure iliyofuata mfano wa Dance Dance Revolution, daraja ya juu kabisa kwa kawaida hupewa pigo lisilotangulia wala kuchelewa zaidi ya milisekunde 22.5, na milisekunde ni sehemu moja katika elfu ya sekunde. Basi huzuka swali: ikiwa njia iliyopo baina ya mtu na mashine ina ukawiaji wake yenyewe, kosa ni la nani?

Swali hili ni kongwe kuliko mashine hizo. Katika nyumba ya kutazamia nyota ya Greenwich, Uingereza, wanafalaki wa karne ya 18 walipima nyota kwa jicho na sikio kwa pamoja: jicho lilitazama nyota ikikatiza uzi ndani ya darubini, na sikio lilihesabu mapigo ya saa. Mwaka 1796 Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa Mfalme, alimwachisha kazi msaidizi wake David Kinnebrook kwa kuwa vipimo vyake vilichelewa nyuma ya vile vya bwana wake kwa kadiri ya sekunde 0.8. Ilidhaniwa kwamba kijana yule alikuwa na kasoro. Miaka zaidi ya 20 baadaye Friedrich Bessel wa Königsberg alilichunguza jambo hilo, akalinganisha vipimo vyake na vya wanafalaki wenzake, akaona kwamba hata mabingwa hutofautiana, pengine kwa zaidi ya sekunde moja. Kila mtu ana kadiri yake. Tangu hapo kadiri hiyo ilipimwa na kuingizwa katika hesabu, wala haikuhesabiwa tena kuwa uvivu.

Michezo ya muziki ilipoanza, ukawiaji wa vyombo ulikuwa mdogo. Televisheni za siku zile, zile ambazo watu huziita za chogo, zilichora picha mstari kwa mstari kadiri mawimbi yalivyoingia, bila kuiweka akiba. Televisheni bapa zilizozifuata zina desturi nyingine. Hupokea picha nzima, huipanua, huisafisha, ndipo huionyesha; na kazi hiyo huweza kula makumi ya milisekunde. Guitar Hero, mchezo wa kampuni ya Harmonix ya Marekani wenye kidhibiti cha umbo la gitaa, ulitoka mwaka 2005, wakati televisheni hizo zilipokuwa zikiingia majumbani. Vijana wakaona alama zikifika mahali pake, wakapiga, na mashine ikawaambia wamekosa.

Mtazamaji wa filamu hakuona dhara hilo, na sababu yake ni muhimu. Televisheni inayokawisha picha huweza kukawisha na sauti kwa kadiri ile ile, vyote viwili vikaenda sambamba. Tena jicho na sikio huvumilia: mwaka 1998 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilieleza kwamba mtazamaji huanza kutambua tofauti sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa nyuma yake kwa milisekunde 125. Lakini mchezaji ana mshiriki wa tatu, nao ni mkono. Mkono hujibu yale yaliyoonekana na kusikika, ilhali mashine imekwisha songa mbele. Kwa hiyo picha na sauti zinaweza kupatana kabisa, na mchezaji bado akahukumiwa kuwa mchelevu.

Tiba ina sehemu mbili, nazo zina mpango. Ya kwanza ni kupunguza ukawiaji wenyewe. Televisheni nyingi zina hali ya michezo, ambayo huacha sehemu kubwa ya kazi ya kuipamba picha. Na spika ya waya hufaa kuliko ya Bluetooth, ambayo mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Ya pili ni kuupima ukawiaji uliobaki na kuuingiza katika hesabu. Mchezaji hufuata mlio kwa sikio tupu, akagonga mara nyingi. Kisha hufuata mmweko wa kioo bila sauti, akagonga tena. Wastani wa kila upande huwa ndio marekebisho: mashine huitanguliza picha au sauti, na husogeza dirisha lake la hukumu.

Lakini hapa kadiri ya Bessel hurudi. Watu wanaogonga kwa kufuata mlio wa saa huwa na tabia ya kuutangulia kidogo bila kujijua, na kila mmoja kwa kiasi chake. Kipimo cha mkono basi humpima mtu pamoja na chombo, wala hakionyeshi sehemu ya kila mmoja. Rock Band 2 ya Harmonix, iliyotoka mwaka 2008, ilijaribu kuvitenga viwili hivyo. Gitaa lake lilitiwa kihisi cha mwanga na maikrofoni. Likielekezwa kwenye televisheni, liliona mmweko na kusikia mlio lenyewe, na mashine ikajua ukawiaji wa vyombo pasipo kidole cha mtu.

Hata hivyo, tiba hii ina mpaka. Mashine huweza kuutanguliza wimbo kwa sababu wimbo umekwisha andikwa. Pigo la mkono haliwezi kutangulizwa, maana halijazaliwa. Mchezo unaotoa mlio baada ya kitufe kubonyezwa hautaponywa kwa hesabu, ila kwa kuvipunguza vyombo ukawiaji wao. Guitar Hero ilipita kando ya tatizo hili: sauti ya gitaa ilikuwa tayari ndani ya wimbo, nayo ilinyamazishwa pale tu mchezaji alipokosa.

Wahenga husema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mchezaji anayeilaumu televisheni yake husomewa methali hiyo upesi. Pengine yamstahili. Lakini jua nalo lina kipimo, na kulipima ni kazi ya dakika chache. Kinnebrook alipoteza kazi yake kabla ya mtu yeyote kupima ni sehemu gani ya zile sekunde 0.8 iliyokuwa yake, na ni ipi iliyokuwa ya bwana wake.