Muuguzi Akipigwa Zamu ya Usiku

Ndugu msikilizaji, neno ajali tunalitumia basi linapopinduka kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, au mchimbaji anapofukiwa na kifusi mgodini. Muuguzi akipigwa na ndugu wa mgonjwa hatusemi amepata ajali. Tunasema avumilie, ndiyo kazi aliyoichagua. Wiki hii nataka kueleza kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita majaji walikwisha kulitazama jambo hili kwa jicho lingine.

Nimezunguka na kinasa sauti changu katika vituo vya afya vya Ufipa, kutoka Laela hadi Namanyere, na kuteremka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Mara nyingi nimekuta zamu ya usiku ina muuguzi mmoja tu. Dada mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala kituo chake, alinionyesha kidole kisichokunjika. Kilivunjwa na mtu aliyelewa, aliyemleta mkewe kujifungua na kukasirika kwa kusubirishwa. Nilipomuuliza kama alidai fidia, alicheka. "Mdogo wangu, nimdai nani? Yule bwana alikuwa na uchungu wa mkewe."

Jibu la swali lake lina historia ndefu. Zamani, mfanyakazi aliyeumia kazini ilimbidi athibitishe mahakamani kwamba mwajiri alifanya kosa. Wachache waliweza. Mwaka 1897 Uingereza ilipitisha sheria iliyobadili utaratibu huo katika kazi za hatari kama viwanda, migodi na reli, na mwaka 1906 ikaupanua kwa wafanyakazi wengi zaidi. Ilitosha kuonyesha kwamba mtu ameumia kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea akiwa kazini.

Lakini je, kipigo cha makusudi ni ajali? Swali hilo lilitoka katika mji wa Trim, Ireland. Mwaka 1912, mwalimu msaidizi wa shule ya kulelea na kurekebisha watoto alipangiwa njama na wanafunzi wake, wakampiga hadi akafa. Mama yake akadai fidia. Wakuu wa shule wakasema hapana, ile haikuwa ajali, bali uhalifu uliopangwa. Kesi ikafika mpaka Baraza la Malordi, na mwaka 1914 majaji wanne kati ya saba wakaamua kwamba mama alipwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mambo yatazamwe kwa upande wa aliyepigwa. Yeye hakutazamia wala hakupanga, na kuwasimamia watoto wale ndiyo ilikuwa kazi yake.

Maneno yale ya sheria yalivuka bahari. Mwaka 1948 Tanganyika ilipata sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi, enzi ambazo vijana wa Kifipa walikwenda kukata mkonge Tanga au kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini. Sheria iliendelea baada ya Uhuru, ila shilingi yake ikazeeka. Ilifika mahali ambapo kiwango cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Ndipo Bunge likapitisha sheria mpya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 1, 2015. Waajiri, wa serikali na wa binafsi, ndio wanaouchangia. Kwa hiyo dada yangu wa Ufipa si lazima amdai yule mlevi, ambaye pengine hana hata kuku. Upo mfuko wa kupelekea dai lake.

Hata hivyo, neno ajali ni kisu chenye makali pande mbili. Mwaka 2010, daktari mwanamke alibakwa na mvamizi akiwa zamu katika hospitali ya Pelonomi, Bloemfontein, Afrika Kusini. Alipomshtaki mwajiri wake kwa ulinzi hafifu, serikali ya jimbo ilijitetea kwamba hiyo ilikuwa ajali ya kazi, kwa hiyo aende kwenye mfuko wa fidia tu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilikataa utetezi huo: kubakwa si hatari inayoambatana na kazi ya udaktari, na ana haki ya kumshtaki mwajiri. Tazama basi, ndugu msikilizaji: neno lililomlipa mama wa Trim, huku lilitaka kugeuzwa kuwa ngao ya mwajiri.

Fundisho ni kwamba fidia haiondoi wajibu wa kuweka mlinzi mlangoni na mtu wa pili katika zamu. Wala haimfikii anayenyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wauguzi wanaijua methali hiyo kuliko sisi. Anayepigwa aandike tukio kwenye kitabu cha zamu usiku ule ule, achukue fomu ya polisi, PF3, na amjulishe mwajiri kwa maandishi. Taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea.

Na sisi tunaopeleka wagonjwa wetu usiku wa manane, tukumbuke kwamba mkono tunaouvunja leo ndio tutakaouhitaji kesho.