Saa za kuhesabu hatua na usingizi: kile zinapima na kile zinakisia

Saa hizi zinauzwa siku hizi katika maduka ya telefone ya Goma, Bukavu, Butembo na kwingineko, zingine na jina kubwa, zingine bila jina kabisa. Mtu anaifunga ku mkono, anaiunganisha na telefone kwa Bluetooth, na asubuhi inamuambia: jana ulitembea hatua 8000, umelala saa 5, mwili haujapumzika. Wengi wanaiamini kuliko mwili wao wenyewe. Lakini hesabu zake zote haziko na uzito moja.

Tuanze na hatua. Saa haioni mguu. Ndani yake kuna kifaa kidogo chenye kusikia mtikisiko wa mkono. Ndiyo maana mama mwenye kutwanga sombe anaweza kupewa hatua zenye hakutembea, na kijana mwenye kusukuma chukudu, mikono imeshika usukani, anakatwa hatua nyingi hata kama jasho linamtoka. Ile namba ya hatua 10000 kwa siku nayo haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, wakati kampuni moja ilikuwa inauza chombo cha kuhesabu hatua. Shirika la afya duniani, OMS, linaomba mtu mzima dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa nguvu ya kadiri kwa juma. Mwenye kupanda vilima vya Bukavu na mzigo kila siku anazifikisha bila saa.

Mapigo ya moyo yanapimwa na ile taa ya kijani chini ya saa. Damu inameza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu inajaa ku mkono na mwanga wenye kurudi unapungua. Saa ikilegea, ao mkono ukitikisika sana, hesabu inapotea. Mwaka 2017, watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu saa 7: karibu zote zilipima mapigo vizuri, lakini kwa kalori, ile yenye kukosea kidogo kuliko zingine ilikosea kwa asilimia 27. Ni kusema, asiongeze fufu ku sahani juu saa imesema amechoma kalori nyingi.

Usingizi ni kukisia. Saa inaangalia kama mkono umetulia na mapigo yameshuka. Mtu mwenye kulala macho wazi bila kutikisika, akisikiliza masasi kwa mbali, anaweza kuandikiwa kwamba alilala muzuri.

Kwa kujua kama mwili umepumzika, namba yenye maana zaidi ni mapigo ya asubuhi, mbele ya kuamka kitandani. Kwa mtu mzima, kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wenye kuzoea mazoezi wanaweza kuwa chini. Asijilinganishe na jirani. Kama kawaida yake ni 62 na siku tatu mfululizo anapata 72, kuna kitu: uchovu, usingizi mbaya, kasiksi ya jana, ao homa yenye kuanza. Hapo mazoezi yanangoja, na kama mwili una moto, anaenda kupima malaria.

Hatari kubwa iko kwa saa za bei ndogo zenye kuonyesha tansio na sukari. Tansio inapimwa na mkanda wenye kujazwa upepo, na saa nyingi hazina mkanda huo. Kwa sukari, mwezi wa pili 2024, FDA, shirika la Marekani lenye kuchunga dawa na vyombo vya afya, lilionya kwamba halijaruhusu saa wala pete yoyote kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa mwenye kupunguza dawa juu ya namba ya saa anacheza na uhai wake. Hata vipimo vya oksijeni kwa mwanga vinaweza kuonyesha namba nzuri kupita ukweli kwa ngozi nyeusi.

Kitu kingine: saa zenye GPS zinaandika njia yote mtu alipita. Mwaka 2018, ramani ya programu Strava ilionyesha kambi za askari sehemu mbalimbali za dunia, juu askari walikuwa wanakimbia na saa. Njia hiyo inaweza kufungwa katika saa ao katika telefone, ku sehemu ya mahali.

Na asiye na saa? Vidole viwili chini ya kidole gumba, ku mkono, ahesabu mapigo sekunde 30, azidishe mara mbili, aandike ku daftari kila asubuhi.