Hewa na petroli: Jinsi mwinuko wa Jinja na Mbale unavyobadili nguvu za injini

Injini ya boti inayozimika katikati ya Ziwa Victoria si hitilafu ndogo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, limekuwa likitaja makadirio ya watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaopoteza maisha kila mwaka katika ziwa hilo, dhoruba za ghafla zikiwa miongoni mwa sababu kuu. Boti iliyopoteza injini haiwezi kuelekeza omo yake kwenye mawimbi, na huyumba kama gogo. Ndiyo maana katika mialo ya Jinja, mashariki mwa Uganda, kazi ya fundi anayerekebisha kabureta ni kazi ya kulinda uhai.

Kiini cha kazi hiyo ni kipimo kimoja: kiasi cha hewa kinachokutana na petroli ndani ya silinda.

Uwiano unaotafutwa

Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Huo ndio uwiano kamili wa kikemia. Hata hivyo, injini haitoi nguvu yake kubwa kabisa hapo, bali pale petroli inapozidi kidogo, kwa kawaida kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Petroli hiyo ya ziada huhakikisha kwamba oksijeni yote imetumika, na pia husaidia kupoza silinda.

Petroli ikizidi mno, mchanganyiko huwa mzito. Injini hutoa moshi mweusi, hukohoa na kula mafuta bure. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi. Hali hii ya pili ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa hudanganya: injini huweza kusikika nyepesi na yenye kasi kwa muda mfupi, huku joto likipanda hadi pistoni inapotoboka au kukwama ndani ya silinda.

Kwa nini mwinuko ni muhimu

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, kani ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ikilinganishwa na Mombasa au Dar es Salaam. Kila mara pistoni inapovuta hewa, oksijeni inayoingia hupungua kwa kadiri hiyo hiyo.

Kabureta haina namna ya kulitambua jambo hilo. Hewa inapopita katika sehemu yake nyembamba, mwendo wake huongezeka na kani hushuka, na petroli hunyonywa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Hewa inapokuwa nyepesi, petroli inayonyonywa nayo hupungua, lakini kwa karibu nusu tu ya kiwango ambacho hewa imepungua. Matokeo yake, injini iliyorekebishwa pwani huwa na mchanganyiko mzito kwa asilimia 5 hadi 7 ikifika Jinja. Na hata baada ya kurekebishwa, haiwezi kurudisha nguvu yote: injini ya nguvu za farasi 40 hubaki na takriban 35.

Mbale, iliyo chini ya Mlima Elgon, haina ziwa, lakini waendesha bodaboda wa mji huo wanaijua hali hii vyema. Mji wenyewe uko kwenye kimo kinachokaribiana na cha Jinja. Barabara inayopanda kuelekea Sipi na Kapchorwa hufikia karibu mita 1,800, na pikipiki yenye kabureta huanza kuchoka na kutoa harufu ya petroli kadiri inavyopanda. Fundi akiweka jeti ndogo ili pikipiki ivute vizuri huko juu, pikipiki hiyo hiyo ikishuka bondeni itakuwa na mchanganyiko mwepesi. Kanuni ni moja kwa pikipiki na kwa boti: kabureta hurekebishwa kwa ajili ya mahali injini itakapofanyia kazi.

Boti ni tofauti na gari

Gari hupanda mlima, kisha hushuka na injini hupumzika. Boti haina mteremko. Maji huipinga propela muda wote, na upinzani huo huongezeka upesi kuliko mwendo unavyoongezeka. Injini ya boti ya mwendo kasi hufanya kazi kama gari linalopanda mlima usiokwisha. Kwa sababu hiyo, mafundi hupendelea kuiacha ikiwa na petroli iliyozidi kidogo kuliko kuikaribisha kwenye wepesi.

Kwa injini za mipigo miwili, ambazo bado ni nyingi ziwani, kuna jambo jingine. Oili huchanganywa na petroli, mara nyingi sehemu 1 kwa 50, au kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza. Anayeongeza oili akidhani anailinda injini hupunguza petroli inayopita kwenye jeti, na bila kujua huufanya mchanganyiko kuwa mwepesi.

Hatua za marekebisho

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, fundi husafisha kabureta, hukagua boya na kichujio, na huhakikisha hakuna gasketi inayovujisha hewa. Hitilafu hizo huiga dalili za marekebisho mabaya.

Kisha injini hupashwa moto. Kwa mwendo wa chini, skrubu ya mchanganyiko huzungushwa taratibu hadi injini itulie na kuzunguka vizuri, halafu huongezwa kidogo kuelekea upande wa petroli. Hapa tahadhari inahitajika: katika kabureta nyingine skrubu hiyo hudhibiti petroli, na katika nyingine hudhibiti hewa, hivyo kuikaza huleta matokeo yanayopingana.

Kwa mwendo wa juu, kinachoamua ni ukubwa wa jeti kuu, nayo hubadilishwa kwa hatua moja moja. Jaribio hufanyika majini, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, si ndani ya pipa. Injini huendeshwa kwa kasi kamili kwa dakika chache, huzimwa ghafla bila kuirudisha polepole, na plagi hufunguliwa. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Masizi meusi huonyesha petroli nyingi. Weupe mkavu huonya juu ya hewa nyingi na joto. Jaribio hilo hufanywa karibu na ufuko, kwa jaketi la kuokolea na kamba ya kuzimia injini.

Ikiwa mchanganyiko ni sahihi lakini injini haifikii mizunguko iliyowekwa na mtengenezaji, propela yenye mwinamo mdogo zaidi ndiyo suluhisho. Kupunguza mwinamo kwa inchi 1 kwa kawaida huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika.

Injini mpya na maji ya wote

Injini za kisasa zenye mfumo wa kielektroniki hupima kani ya hewa zenyewe na kurekebisha petroli papo hapo. Lakini zinahitaji vifaa vya uchunguzi na vipuri vya bei, ilhali kabureta hufunguliwa kwa bisibisi na spana mwaloni.

Marekebisho mazuri hayamfaidi mwenye boti peke yake. Injini za mipigo miwili za kizamani huweza kutupa hadi robo ya mafuta yake bila kuungua, na mengi huishia majini. Ziwa hilo ndilo wakazi wa Jinja wanalovua samaki na kuchota maji. Jeti iliyochaguliwa vyema huokoa petroli, huokoa pistoni, na humrudisha mvuvi ufukoni kabla ya dhoruba.